Njia Nane, Mikono Minane

Mwezi Agosti 1976, jiko la fleti moja jijini Paris liliacha kupikiwa. Palipokuwa pa sufuria na sahani pakapangwa vinanda vya umeme, nyaya zikatambaa sakafuni, na pembeni ikasimama mashine ya kurekodia ya Scully, ile ya kanda pana yenye njia nane. Mwenye jiko, Jean-Michel Jarre, alikuwa anatimiza miaka 28 mwezi huohuo. Hakuwa na bendi wala mwimbaji. Kila sauti aliyoitaka ilibidi aipige kwa mkono wake, aiweke kwenye njia yake ya kanda, airudishe kanda mwanzo, kisha apige nyingine juu yake.

Kati ya vyombo vyake kulikuwa na kisanduku cha Korg kiitwacho Mini Pops 7. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaopiga kinanda nyumbani na kukosa mpiga ngoma. Unabonyeza kitufe cha rumba, kinakupigia rumba. Unabonyeza cha waltzi, kinakupigia waltzi. Kitufe kimoja, mdundo mmoja. Jarre akabonyeza viwili kwa mpigo, na kwa kuwa havikukubali kukaa pamoja, akavibana kwa selotepu. Ukatoka mdundo ambao waliotengeneza kisanduku hawakuupanga, mwepesi, unaotembea kama matone ya mvua kwenye bati. Mamilioni ya watu wameusikia tangu siku hiyo.

Kipande hicho cha selotepu ndicho kinachonifanya niisimulie historia hii. Muziki wa sinthesaiza umesingiziwa miaka mingi kwamba mashine hujipigia yenyewe na mtu husimama kando. Mimi nikiusikiliza nasikia mikono. Na nikifuata safari ya mtu huyu mmoja, kutoka jikoni kwake hadi kwenye viwanja vilivyojaa watu milioni, naona mikono hiyo ikitafuta njia ya kuonekana.

Kiswahili chenyewe hakikuwahi kuubagua muziki wa namna hii. Neno kinanda lilimaanisha ala ya nyuzi hapa pwani, kisha likamaanisha mashine ya santuri, likamaanisha chombo cha kanisani, likamaanisha piano, na leo linamaanisha kibodi ya umeme inayobeba nyimbo za taarabu. Lugha haikuuliza kama sauti imetoka kwenye uzi, kwenye pumzi au kwenye waya. Iliuliza tu kama kuna mpigaji. Kwa hiyo sinthesaiza nayo ni kinanda, ila inafaa tuelewe inavyofanya kazi. Ndani yake kuna umeme unaotetemeka. Ukitetemeka mara 440 kwa sekunde na kupelekwa kwenye spika, unasikia nota ileile ambayo okestra hulandanishia ala zake. Kisha kuna kichujio. Kichujio hufanya kama mtu anayefunga mlango wa ukumbi wenye ngoma: sauti nyembamba zinabaki ndani, nzito zinakufuata barabarani. Mpigaji anaufungua na kuufunga mlango huo taratibu kwa vidole, na hapo ndipo sauti inapopata pumzi.

Jarre alizaliwa Lyon tarehe 24 Agosti 1948. Baba yake, Maurice, alikuja kuwa mtunzi mashuhuri wa muziki wa filamu, yule wa Lawrence of Arabia na Doctor Zhivago, lakini aliondoka nyumbani na kwenda Marekani mtoto akiwa na miaka mitano. Mama yake, France Pejot, alikuwa amepigana kwa siri dhidi ya utawala wa Wanazi hadi akakamatwa na kupelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück, akatoka hai. Babu yake upande wa baba alikuwa fundi na mpiga obo, ala iliyo ndugu na zumari letu. Ni yeye aliyempa mjukuu mashine yake ya kwanza ya kurekodi kanda. Na ni mama aliyempeleka kwenye kilabu ya jazi ya rafiki yake jijini Paris, Le Chat qui Pêche, ambako kijana alikaa jirani kabisa na watu kama Archie Shepp na Chet Baker na kusikia jinsi muziki usio na neno hata moja unavyoweza kueleza jambo zima.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliingia kwenye kundi la utafiti la Pierre Schaeffer. Huyu Schaeffer alikuwa fundi wa redio ambaye mwaka 1948 alirekodi garimoshi kwenye kituo cha Batignolles, akazikata na kuzipanga sauti zile, akatangaza kwamba huo nao ni utunzi. Kwa wanafunzi wake somo kubwa lilikuwa kusikiliza sauti yenyewe kwanza, kabla ya kuuliza imetoka kwenye nini. Wakati huohuo Jarre alipata chombo kipya kilichotengenezwa London, VCS3, kilichoanza kuuzwa mwaka 1969. Hakikuwa na kibao hata kimoja cha kupiga. Kilikuwa na ubao wa matundu 16 kwa 16, na mpigaji alichomeka vipini vidogo humo kuamua sauti ipite wapi, akikaa mbele yake kama mtu anayezifikiria kete zake kwenye bao.

Utafiti haulipi kodi ya nyumba. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 Jarre aliandika mashairi ya nyimbo za waimbaji wa Ufaransa, Christophe na Patrick Juvet miongoni mwao, na zikapendwa. Kisha mtu huyu aliyekula kwa maneno akaingia jikoni kutengeneza kazi isiyo na neno lolote.

Alirekodi kuanzia Agosti hadi Novemba. Kuna sehemu ya kazi hiyo ninayoipenda kuliko zote. Alikuwa na kinanda cha Kiholanzi, Eminent 310, chombo cha sebuleni cha familia, chenye sauti iliyoiga fidla nyingi zikipigwa pamoja. Peke yake ni sauti bapa, kama shuka iliyopigwa pasi. Jarre aliipitisha kwenye kijisanduku kidogo cha wapiga gitaa, Small Stone, ambacho huizungusha sauti polepole. Shuka ikapata upepo: inajaa, inatulia, inajaa tena. Ukiisikiliza vizuri unaweza kuhesabu pumzi zake. Kifaa cha bei nafuu na kinanda cha sebuleni vilitoa anga nzima.

Albamu aliiita Oxygène, yaani oksijeni. Ina vipande sita visivyo na majina, namba tu, vitatu upande mmoja wa santuri na vitatu upande wa pili. Jaladani aliweka mchoro wa Michel Granger: dunia inayobanduka ganda, na chini ya ganda fuvu la mtu. Kampuni moja baada ya nyingine ziliikataa. Hakuna mwimbaji, hakuna mpiga ngoma, vipande virefu mno kwa redio. Hata mama yake alishangaa, akamuuliza kwa nini kaipa kazi yake jina la gesi na kuibandika fuvu.

Aliyekubali alikuwa Francis Dreyfus, mwenye lebo ndogo ya Paris, ambaye mkewe Hélène alikuwa amesoma kwa Schaeffer pamoja na Jarre. Dreyfus alijipiga moyo konde, akaagiza nakala 50,000. Santuri ilitoka Desemba 1976 na kupata wasikilizaji wake wa kwanza mahali ambapo wakubwa wa redio hawakutazama: kwenye maduka ya redio na spika, kwenye vilabu na madisko. Mwenye duka aliyetaka mteja asikie ubora wa spika zake aliiweka Oxygène, na mteja aliyekuja kwa ajili ya spika akaulizia santuri. Kufikia Aprili 1977 nakala 70,000 zilikuwa zimeuzwa Ufaransa. Kisha ikavuka mpaka. Nchini Uingereza ilipanda hadi nafasi ya pili kwenye orodha ya albamu, na kipande cha nne, kile chenye mdundo wa selotepu, kikafika nafasi ya nne kwenye orodha ya nyimbo. Leo nakala zake huhesabiwa kwa mamilioni.

Asiyewahi kuisikiliza ajitengee dakika 40. Azime taa, akae katikati ya spika mbili, aache simu chumba kingine. Santuri hii haitaki haraka wala haijengwi kwa kibwagizo. Kipande cha kwanza kinaingia kama mawingu, bila ngoma. Cha nne kinatembea. Cha sita kinafika baharini: mawimbi yanakuja na kurudi, ndege wa pwani wanalia. Mtu aliyelelewa Tanga au Lamu anayajua mawimbi hayo, anajua yanavyovuta mchanga yakirudi. Halafu akumbuke kwamba humo hakuna bahari. Ni mvumo wa umeme uliopitishwa kwenye kichujio, na mkono wa mtu ukiufungua na kuufunga mlango.

Mwaka 1978 ikafuata Équinoxe. Rafiki yake Michel Geiss, mhandisi na mwanamuziki, alikuwa amemtengenezea kwa mkono chombo cha kupanga mfululizo wa nota, Matrisequencer 250, na muziki ukapata mwendo mkali kuliko ule wa Oxygène. Lakini hadi hapo yote yalikuwa yamefanyika ndani ya chumba. Wasikilizaji walikuwa wengi, kila mmoja nyumbani kwake. Ukabaki mtihani mgumu: kazi aliyoijenga mtu mmoja kwa miezi, njia juu ya njia, itapigwaje mbele ya watu kwa usiku mmoja? Mpiga gitaa akiumwaga moyo wake unamwona mkono ukiteleza kwenye nyuzi. Mpiga sinthesaiza anageuza kitufe nusu inchi, na aliyeko safu ya kumi haoni kitu.

Jibu la kwanza la Jarre lilikuwa kuupa muziki mwili mkubwa. Tarehe 14 Julai 1979, sikukuu ya taifa la Ufaransa, alijenga jukwaa kwenye uwanja wa Concorde katikati ya Paris. Picha zikamulikwa kwenye kuta za majengo, fataki zikapaa, na muziki uliotoka jikoni ukajaza uwanja. Watu waliofika walikadiriwa kuwa milioni moja. Kitabu cha Guinness kikaliandika tamasha hilo kuwa kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanyika uwanjani. Watu waliozoea kuusikiliza muziki huo peke yao gizani walijikuta gizani pamoja na mji mzima.

Jibu la pili lilizaliwa kwa ajili ya safari ya mbali zaidi. Ubalozi wa Uingereza jijini Beijing ulikuwa umeipa redio ya huko nakala za Oxygène na Équinoxe, na redio ikazipiga, katika nchi iliyokuwa imefunga masikio kwa muziki wa kigeni miaka mingi. Mwaliko ukaja. Oktoba 1981 Jarre alipiga maonyesho matano nchini China, mawili Beijing na matatu Shanghai, mwanamuziki wa kwanza wa pop kutoka Magharibi kufanya hivyo tangu kifo cha Mao. Safari hii hakuwa peke yake. Dominique Perrier na Frédérick Rousseau walipiga vinanda, Roger Rizzitelli akapiga ngoma. Okestra ya chuo cha muziki cha Beijing ilishirikiana nao kwenye wimbo wa jadi wa Kichina kuhusu mashua za wavuvi jua likizama, na sauti za nyuzi za karne nyingi zikakaa na sauti za umeme bila kugombana.

Huko ndiko lilikopelekwa jibu hilo la pili: kinubi cha leza. Wazo lilikuwa la Mfaransa Bernard Szajner. Miale ya kijani inapanda kutoka sakafuni kama nyuzi ndefu zisizo na mwisho. Mpigaji amevaa glavu na miwani ya kumkinga. Anaingiza kiganja kwenye mwali mmoja, mwali unakatika, kifaa kinahisi kukatika huko na kuiambia sinthesaiza itoe nota yake. Akiondoa kiganja, nota inakwisha. Jambo hili ni dogo kwa kulieleza na kubwa kwa kulitazama, kwa sababu aliyekaa safu ya mwisho anaona mkono ukigusa mwanga na papo hapo anasikia sauti. Sidhani kama Jarre alibuni njia nyingine ya jukwaani iliyojibu swali la mpigaji waziwazi kiasi hicho.

Santuri nayo hakuiacha. Mwaka 1983 alitengeneza albamu aliyoiita Musique pour supermarché, akatoa nakala moja tu duniani, akaharibu mabamba ya kuichapia, na nakala hiyo ikapigwa mnada jijini Paris kwa faranga 69,000. Kabla haijatoweka ilipigwa mara moja kwenye Radio Luxembourg, naye akawahimiza wasikilizaji wairekodi. Ilikuwa njia ya kuwaambia watu kwamba santuri ni kazi ya mkono kama mchoro ulivyo, hata zikichapwa milioni zinazofanana. Mwaka uliofuata, kwenye Zoolook, alichukua sauti za binadamu katika lugha nyingi za dunia, akazikata vipande kwa kompyuta ya muziki na kuzipiga kama nota. Somo la Schaeffer na garimoshi lake lilikuwa halijamtoka.

Kisha ikaja Houston. Mwaka 1986 jimbo la Texas lilikuwa linatimiza miaka 150, na kituo cha anga cha NASA cha mji huo miaka 25. Jarre alialikwa kuutumia mji wenyewe kama jukwaa: maghorofa marefu ya katikati ya mji yawe skrini. Jambo moja lilimvutia kuliko yote. Mwanaanga Ronald McNair, mwanafizikia na mpiga saksafoni, aliyekwisha kwenda na saksafoni yake angani mwaka 1984, alikubali kupiga sehemu yake akiwa kwenye mzunguko wa dunia. Pumzi ya mtu na umeme vingekutana juu ya mawingu.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kuruka. McNair na wenzake sita wakafa.

Kulikuwa na kila sababu ya kuahirisha. Wanaanga wenzake McNair, Bruce McCandless miongoni mwao, walimsihi Jarre aendelee kwa heshima ya marehemu. Basi usiku wa tarehe 5 Aprili maghorofa ya Houston yaliwaka picha na rangi, na watu kati ya milioni moja na milioni moja na nusu wakafurika. Waliokuwa wakipita kwenye barabara kuu walisimamisha magari na kushuka kutazama hadi barabara ikalazimika kufungwa. Ulipofika wakati wa kipande cha McNair, Kirk Whalum alisimama na saksafoni akakipiga. Kwenye albamu ya Rendez-Vous kipande hicho kina jina la Ron hadi leo. Nimekirudia mara nyingi. Kinapoanza, vinanda vinateremka chini na kumwachia nafasi mtu mmoja anayepumua, na hapo hakuna anayeuliza tena kama muziki huu una roho.

Oktoba ya mwaka huo alirudi Lyon alikozaliwa, akapiga wakati wa ziara ya Papa Yohane Paulo II. Mcheza kwao hutunzwa, na Lyon ilimtunza. Maonyesho yakazidi kukua: La Défense, kando ya Paris, mwaka 1990, watu wakikadiriwa kuwa milioni mbili, Moscow Septemba 1997, mji ukitimiza miaka 850, makadirio yakifika milioni tatu na nusu. Usiku wa kuamkia mwaka 2000 alikuwa Afrika, chini ya piramidi za Giza. Ukungu ulishuka usiku ule na kufunika picha zilizokusudiwa mawe yale ya kale. Macho yalinyimwa, masikio yakabaki na kazi yake.

Naona heshima katika ukungu huo. Kwa miaka 20 mwanga ulikuwa umeutangulia muziki, na katika maonyesho hayo makubwa sehemu ya muziki ilitoka kwenye kanda zilizotayarishwa, jambo lililowapa watu wa singizio kuni za kuchochea. Lakini nyuma ya mwanga na fataki ile kazi ya jikoni ilikuwa bado haijapigwa mbele ya watu kama ilivyo, sauti kwa sauti.

Siku hiyo ilifika. Mwaka 2007 Jarre aliirekodi upya Oxygène kwa vyombo vilevile vya zamani, na mwaka 2008 akazunguka nayo kwenye kumbi za Ulaya. Safari hii hapakuwa na maghorofa wala viwanja. Jukwaa lilijaa mbao zilizochakaa, nyaya, vitufe vya kuzungusha, Eminent ya sebuleni na VCS3 yenye matundu yake. Dominique Perrier alikuwepo, yule wa China. Walikuwepo Francis Rimbert na Claude Samard. Kisha kioo kikubwa kikapandishwa juu ya jukwaa na kuinamishwa kuelekea ukumbini, ili hata aliyekaa mwisho atazame kutoka juu na kuona kinachofanyika kwenye kila chombo.

Na kilichoonekana kilikuwa vidole. Kidole kinageuza kitufe, na sauti inafunguka. Kiganja kinalala kwenye vibao, na anga inajaa. Mmoja anashika mawimbi, mwingine mdundo, mwingine ule wimbo mwembamba wa juu. Kazi ambayo mwaka 1976 mtu mmoja aliipanga kwenye kanda ya njia nane, sasa ilihitaji watu wanne. Ukiwahesabu kwenye kioo, ilikuwa mikono minane.